Nilivyomfungia Rispah Mtandao

Usifunike rauta na kitambaa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu la kwanza, na ni kosa la kila mwanamke wa rika langu aliyewahi kuletewa kile kisanduku nyumbani. Sisi tulifunika kila kitu. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni kitambaa chake, kochi vitambaa vitatu, thamosi kijitambaa chenye shanga. Kisanduku cheupe chenye masikio mawili kikaletwa sebuleni kwangu, nikakiona kimekaa uchi, nikakifumia cha kwake cha waridi. Siku ya tatu watu wa orofa ya juu wakaanza kulalamika kwamba mtandao unakatika kila mchana jua likiwaka. Fundi wa laini, jina lake Odera, akaja, akakigusa, akatoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya ugali. Akaniuliza, "Mama, hiki kitu umekivalisha sweta?"

Mimi ni Mama Mutheu. Nilikuwa keateka wa ploti ya orofa nne huko Baba Dogo, nyumba ishirini, kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi mtakaosoma hapa. Shule nilifika darasa la tano, na sioni haya kulisema, kwa sababu walionizidi darasa ndio waliokuja mlangoni kwangu kuomba paswadi. Kazi yangu ilikuwa funguo, maji, taka, geti, na ugomvi wa kamba za nguo. Miaka sita ya mwisho mwenye ploti akaongeza mtandao. Akaweka laini moja kubwa, rauta ikakaa kwangu chini, na visanduku vingine vidogo vya kusukuma mawimbi vikawekwa kwenye ngazi. Akaniambia mimi ndiye mwenye kuutunza na kuamua nani aingie. Nilijivuna. Bado najivuna. Lakini katika miaka hiyo sita nilimkosea mtu mmoja, Rispah wa namba tisa, na nyinyi mnaoshika kazi hizi sasa nataka mjue nilivyomkosea, maana hicho chombo kitawapa nyinyi pia nafasi ya kufanya vivyo hivyo.

Odera hakunicheka kwa dharau. Alikuwa mwembamba, ana ngazi ndefu kuliko pikipiki aliyoibebea, na alifundisha kwa kukuachia ushike mwenyewe huku yeye akiangalia na mikono nyuma. Alisema rauta inataka hewa na inataka kukaa juu. Isifichwe nyuma ya televisheni, isifungiwe kwenye kabati la vikombe vya wageni, isikae karibu na tangi la maji wala mabati. Nikaitoa juu ya kabati, nikaigongelea kibao juu ya mlango. Kitambaa nikampelekea mke wa pasta.

Kuizima na kuiwasha pia kuna adabu yake. Watu huchomoa na kuchomeka hapo hapo, halafu wanashangaa mbona haijapona. Odera alisema nihesabu mpaka thelathini. Kuhesabu kunanichosha, basi mimi nilikuwa nachomoa, nasema Baba Yetu polepole mpaka Amina, ndipo nachomeka, nasubiri taa zote zitulie bila kugusa kitu. Wapangaji walizoea. Mtandao ukikatika ungesikia kijana akiniita bibi kwa lugha yao ya mtaani toka ngazini, "Shosh, umefika wapi?" Nami najibu, "Mkate wetu wa kila siku." Wanajua bado kidogo, wanarudi kukaa.

Paswadi ziko mbili, na hapa ndipo wengi huanguka. Ya kwanza ni ya geti, kila mpangaji anayo. Ya pili ni ya ofisi, ya kuingia ndani ya rauta yenyewe na kubadilisha mambo. Unaandika zile namba zenye nukta zilizobandikwa chini ya tumbo lake, unafunguka ukurasa, unaulizwa jina na paswadi. Ikija kutoka kiwandani ile ya ofisi ni neno moja jepesi ambalo dunia nzima inalijua. Mimi sikuibadilisha. Nilidhani nikiwa na geti imara ofisi haina haja ya kufuli. Jumamosi moja mtu wa orofa ya tatu, mpaka leo sijui ni nani ingawa nina wangu ninayemshuku, akaingia ofisini akabadilisha jina la mtandao. Kila aliyefungua simu yake, mpaka watu wa ploti ya pili, akasoma: Kitambaa Cha Mama Mutheu. Nilikasirika wiki nzima. Sasa nacheka.

Na kile kitobo kidogo cha nyuma msikiguse. Nilidhani ni cha kutolea vumbi. Nikachukua sindano ya blanketi nikachokora, nikachokora tena, taa zote zikazima zikawaka pamoja. Kumbe hapo ndipo pa kusahaulisha. Rauta ilisahau kila kitu: jina, paswadi, laini, mimi. Ploti nzima ikakaa Jumamosi na Jumapili bila mtandao, na Jumapili yenyewe ilikuwa ya fainali ya mpira. Watu walipita mlangoni kwangu bila salamu, hata wale tunaosali kanisa moja. Odera alipokuja Jumatatu akarudisha, akaniambia ninunue daftari niandike kila kitu ndani yake kabla sijagusa chochote.

Nikanunua daftari la kurasa mia mbili, lile gumu. Hilo daftari ndilo lililonipa kiburi. Odera alinionyesha kwamba rauta ina orodha ya kila kifaa kilichoingia. Kila simu na kila laptopu ina namba yake ya kuzaliwa, ndefu, herufi zimechanganywa na tarakimu, na haifanani na ya mwenzake. Nilipanda orofa zote nne, nyumba kwa nyumba, nikaandika kwa mkono wangu: namba ya nyumba, mwenye kifaa, aina yake, na ile namba ya kuzaliwa. Kisha ndani ya rauta nikabadilisha yale majina ya ajabu ajabu nikaweka ya watu. Simu ya Baba Kyalo. Televisheni ya namba kumi na nne. Laptopu ya Rispah. Ukinifungulia ule ukurasa ilikuwa kama kusimama uani asubuhi na kuona watu wangu wote.

Kila Jumatatu nilihesabu vichwa. Chai, miwani, daftari. Niliyemjua nilimwekea alama. Nisiyemjua nilimfunga. Ploti ya pili hawakuwa na mtandao lakini walikuwa na marafiki kwetu, na paswadi ilikuwa inaruka ukuta kama kuku. Walikuwa wanajibanza nyuma ya choo chao kutazama sinema zetu, na wetu wanaolipa kodi wanaona duara linazunguka. Geti la chuma lilitaka mabega yote mawili kulifunga. Hili la ndani lilitaka kidole kimoja. Unabonyeza, mtu anatoka, na hajui ni nani aliyemtoa. Nililipenda hilo. Sitawadanganya.

Rispah alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, wa kutoka upande wa magharibi, mpole, mwenye kutembea haraka. Nyumba yake ilikuwa ya chumba kimoja orofa ya pili, na nusu ya chumba ilikuwa cherehani. Ile cherehani nzee ya miguu, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofutika. Ilikuwa ya marehemu mama yake, aliyeshona nayo sare za shule mpaka akawasomesha wanawe. Rispah naye alikuwa anashona sare, lakini kazi ilikuwa imepungua. Wazazi wananunua zilizoshonwa tayari. Hivyo akatafuta kazi ya mtandaoni. Alikuwa anasikiliza sauti za madaktari wa nchi za nje wakieleza wagonjwa wao, anayachapa maneno yao na kuyatuma. Walimchukua kwa majaribio ya mwezi mmoja. Kazi ya kila siku lazima ifike siku hiyo hiyo, na mwisho wa mwezi wanaamua kama anaandikwa au anaachwa. Kwenda saiba, kwenye kompyuta za kukodi, hakukuruhusiwa, kwa sababu ni siri za wagonjwa. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonyezo isiyoshika mtandao. Alikuwa na laptopu moja ya mtumba na mtandao wangu, basi. Alinieleza hayo yote siku nilipomwandika daftarini, akiwa ameikumbatia laptopu kama mtoto wa kliniki. Akasema, "Mama, nikiandikwa hii kazi, cherehani itabaki ya raha tu, nimshonee nayo mtu ninayempenda."

Wiki ya tatu ya majaribio, Jumamosi, laptopu ikaanza kusumbua, akaipeleka kwa fundi mmoja Kariobangi kwenye vile vibanda. Akarudi nayo jioni. Jumapili ikafanya kazi vizuri. Hayo mimi sikuyajua.

Jumatatu asubuhi nikaketi kuhesabu vichwa. Nikakuta mgeni mmoja. Hana jina, ana herufi na tarakimu tu, na ile namba yake ya kuzaliwa haimo daftarini. Nikatafuta kurasa zote kwa kidole. Hayumo. Nikasema hawa wa ploti ya pili hawachoki. Nikambonyeza akatoka, nikamalizia chai yangu.

Saa sita hivi Rispah akabisha. Akasema laptopu haishiki mtandao, jana ilishika, leo imekataa. Nikafungua ukurasa wangu, nikafungua daftari, nikatafuta Laptopu ya Rispah. Ipo, haijafungwa. Nikamwonyesha. Nikamwambia upande wangu ni mweupe, shida iko upande wake. Siku hiyo sikujua, na hilo la kwanza najisamehe.

Jumanne akaja na laptopu yenyewe, akaiweka juu ya meza yangu chini ya rauta kabisa. Mawimbi yamejaa. Akaandika paswadi, ikakataa. Akaandika tena herufi moja moja huku mimi nikimsomea, ikakataa. Ndipo akaniambia kwamba Jumamosi fundi aliifungua akatoa kile kidude cha ndani kinachoshika mtandao akaweka kingine, na kwamba asubuhi hiyo alikuwa ameirudisha kwake, na kwa fundi ilishika bila shida.

Sikilizeni hapo. Aliniambia kila kitu. Kidude kimebadilishwa. Kwa fundi inashika, kwangu haishiki. Mtu mwenye nusu ya akili yangu angesimama akafikiria. Na kuna kitu kilinigusa kweli, kidogo tu, kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Lakini akina mama walikuwa wamekaa mlangoni wakichambua mboga na wote wananitazama, na mimi ndiye mwenye daftari. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba fundi gani atakubali ameharibu, hivyo vidude vya vibandani hushika siku moja vinakufa, laptopu yako imeoza. Mmoja wao akaongeza kwamba huyo fundi anafaa kupelekwa kwa chifu. Rispah akaenda kugombana naye. Baadaye nilisikia alimwita mwizi mbele ya wateja wake, na yule mtu alikuwa anarudia tu, dada, hii mashine ni nzima.

Jumatano sikumwona. Nilisikia kwa jirani yake kwamba watu wa kazi wamemwandikia. Siku mbili hajatuma kitu. Wamempa mpaka Jumatatu awe na mashine ya kuaminika, la sivyo wanamwacha.

Alhamisi saa nne asubuhi Odera akaja kwa shughuli nyingine, waya wa nje ulikuwa umegugunwa na panya. Alipomaliza nikamtilia chai na nikamwonyesha kazi yangu, kwa majivuno, niliowafunga wote. Akapitisha macho. Akasimama kwa yule wa Jumatatu.

"Huyu ni nani?"

Nikamwambia mwizi wa ploti ya pili.

"Mama, huyu aliingia Jumamosi jioni, akafanya kazi Jumapili kutwa. Hakutazama hata sinema moja. Ni laptopu. Kuna mtu hapa ametengenezewa laptopu?"

Nikasema Rispah wa namba tisa. Akanieleza polepole, na nawaeleza nyinyi vilevile. Ile namba ya kuzaliwa haikai kwenye laptopu yote. Inakaa kwenye kile kidude kinachoshika mtandao. Ukibadilisha kidude, laptopu ni ile ile, mwenyewe ni yule yule, lakini kwa rauta amekuja mtu mgeni. Na simu za siku hizi ni mbaya zaidi, zenyewe zinajibadilishia namba bila kukuuliza. Kwa hiyo ukimwona mgeni usimfunge kwanza. Panda ngazi, bisha milango, uliza nani amenunua, nani ametengeneza. Daftari langu liliandika vyuma. Mimi nilidhani limeandika watu.

Odera akamfungulia pale pale. Akachukua chai yake akaimaliza amesimama, akaniambia, "Mwambie ajaribu tena." Nikasema nitamwambia.

Nilikuwa na siku nzima. Namba tisa ni ngazi ishirini na nne kutoka kwangu, nilizifagia miaka yote hiyo nazijua. Nikapanga maneno. Nikasema nitapanda nikishaanua nguo. Nikaanua. Nikasema nitapanda maji yakishafika. Yakafika. Kila nikiyapanga maneno nilikuwa naona wale akina mama wa mboga, na mke wa Baba Kyalo ambaye tangu zamani alikuwa akisema mwanamke wa darasa la tano atajua nini mambo ya kompyuta. Nikafikiria labda Rispah atajaribu mwenyewe, itashika, atasema imepona, na hakuna atakayejua. Nilimwombea hilo, Mungu anisamehe.

Saa kumi akashuka mwenyewe. Hakuwa na laptopu. Alikuwa amevaa leso kiunoni kama mtu wa kuhama.

"Mama, naomba unifungulie geti kubwa. Mkokoteni uko nje."

Nikamuuliza wa nini. Akasema amepata mtu wa kununua cherehani. Laptopu ya zamani ameshamtupia muuzaji wa laptopu za mtumba kwa bei ya vyuma vikuukuu, na cherehani itaongezea mpaka apate nyingine nzuri, Jumatatu awe nayo. Alikuwa anaongea haraka, haniangalii, na niliona macho yake yamevimba.

Mkononi nilikuwa na funguo. Maneno yalikuwa mawili tu, jaribu tena. Muuzaji alikuwa hatua mia tatu kutoka pale, laptopu ingerudi, mkokoteni ungegeuka. Badala yake nikamwambia, "Umefikiria vizuri, mama?"

Akasema, "Si wewe ndiye uliyesema imeoza?"

Nikafungua geti. Wanaume wawili wakaishusha ile cherehani ngazi kwa ngazi, meza yake kwanza, kisha kichwa kimefungwa kwa shuka. Nililishikilia geti lisiwagonge. Rispah alitembea nyuma ya mkokoteni mpaka kona, ameweka mkono juu yake.

Ijumaa akaja na laptopu nyingine. Nikaiandika daftarini, nikaiwekea jina, ikashika mara moja. Alirukaruka. Mwisho wa mwezi akaandikwa kazi. Na Agosti aliporudi kutoka kwao aliniletea kuku wa kienyeji, hai, kafungwa miguu kwa kamba, akasema mbele ya watu kwamba ningekuwa keateka mwingine ningemfukuza na matatizo yake, lakini nilimvumilia. Nikampokea yule kuku. Nikamchinja, nikampika na nazi na dania, watu wa nyumba yangu wakasifu. Mimi pia nilikula. Nataka mjue kwamba nilikula.

Mngesema basi, alipata kazi, yameisha. Haikupita mwaka. Kampuni ikawaambia kwamba sasa kuna kompyuta inayosikiliza madaktari na kuchapa yenyewe, hawahitaji mikono. Wote wakaachwa siku moja. Rispah akarudi kwenye kushona, na hakuwa na cha kushonea. Alimtafuta yule mnunuzi wiki mbili. Cherehani ilikuwa imekwenda mashambani kwa mtu wa tatu, haijulikani wapi. Akahama ploti yetu akaenda kwenye chumba cha mabati. Siku ya kuhama nilimbebea ndoo mpaka barabarani, tukakumbatiana. Na siku hiyo pia sikusema.

Nilistaafu miguu iliponikataa. Sasa niko Komarock kwa binti yangu. Hapa rauta ni moja na watu ni watano, ninaitunza kwa mkono mmoja. Mwezi wa pili mwaka huu nilipeleka sketi ya mjukuu ikatwe pindo, huko sokoni Kariobangi, kwenye ile safu ya mafundi wa nguo. Nikamkuta Rispah. Amekaa kwenye cherehani ya mtu, anashonea mtu, kwa siku. Aliponiona aliinuka akaniita mama, akanifutia benchi, akawaambia wenzake kwamba huyu ndiye aliyenishika mkono nilipoingia mambo ya mtandao. Wakanisalimia kwa heshima. Mmoja akaniambia nimebarikiwa. Rispah akaketi tena, akaanza lile pindo.

Nikashindwa. Nikasema pale pale, na mikono kwenye mapaja, kabla sijapata nafasi ya kupanga.

"Rispah, ile laptopu haikuwa imekufa. Mimi ndiye niliyeifunga."

Nikamweleza yote, kidude, daftari, Jumatatu. Miguu yake ilikuwa bado inakanyaga, sindano inaenda. Nilipofika kwa Odera miguu ikasimama. Hakuniuliza nilifanyaje kosa. Aliuliza kitu kimoja.

"Siku ya mkokoteni. Ulipokuwa umeshika geti. Ulikuwa unajua?"

Ningesema sikujua. Hakuna aliyekuwepo wa kunipinga, na Odera alishahamia Kisumu. Nikasema, "Nilikuwa najua. Tangu saa nne asubuhi."

Akarudisha miguu. Akamaliza lile pindo mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akaikunja sketi vizuri mara nne akaniwekea mkononi. Akasema, "Mama Mutheu, kama ungekuwa unanichukia ningeelewa." Kisha akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Sina la kuwaongezea juu ya kutunza rauta ambalo kijana yeyote hawezi kuwaonyesha kwa dakika kumi. Badilisha paswadi ya ofisi. Ipe hewa. Usichokore kitobo. Ukimfunga mtu, andika ni lini na kwa nini, na akija mlangoni usianze na daftari, anza naye. Na ukishajua kwamba umekosea, kuna muda mfupi ambao maneno mawili yanatosha. Ukipita, hata ukiongea mpaka kesho hayatoshi.

Tangu siku ile nimerudi kwake mara mbili na nguo. Mara zote mbili amenijibu salamu, akaipokea nguo, akampa jirani yake aishone. Nina gauni hapa limechanika kwapa. Nitalipeleka Jumamosi.